Kumfundisha mtoto kukadiria namba nzima: kumi, mia na elfu iliyo karibu

Mtoto anayeandika kwamba 43 ikikadiriwa hadi kumi iliyo karibu ni 30 hajasahau kanuni. Anaikumbuka vizuri: tarakimu ikiwa chini ya tano, shuka. Akashuka. Alichokosa ni kujua anashuka hadi wapi, kwa sababu alipewa kanuni kabla ya kuona kwamba 43 imekaa kati ya 40 na 50, na kwamba jibu lazima liwe mojawapo ya hizo mbili.

Kazi yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza mtoto ataje makumi mawili (au mamia, au maelfu) yanayoizunguka namba. Kisha achague lililo karibu. Wakubwa wengi hukimbilia sehemu ya pili kwa kuwa ndiyo yenye kanuni ya kukariri, lakini makosa karibu yote yanazaliwa kwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo mwongozo huu, wa mzazi au mwalimu mwenye mtoto wa Gredi ya 3 hadi ya 6, unakaa muda mrefu hapo. Kanuni ya tano inakuja baadaye, na mtoto mwenyewe ndiye ataigundua.

Mpime kabla ya kuanza

Muulize mambo manne, bila karatasi:

1. Hesabu kwa makumi kutoka 70 hadi 130. Wengi hukwama kwenye mia: "tisini, mia, mia mbili."
2. Katika 3,046, tarakimu ya makumi ni ipi? Ya mamia je? (Ni 4 na 0. Anayesema hakuna mamia bado ana shida na sifuri.)
3. Katikati kabisa ya 30 na 40 ni ngapi? Ya 300 na 400? Ya 90 na 100?
4. Ongeza kumi kwenye 290.

Akikosa la kwanza au la pili, acha kukadiria kwa sasa. Rudi kwenye vijiti vilivyofungwa kumi kumi, ahesabu mafungu na vilivyobaki, mpaka 46 iwe kwake mafungu manne na vijiti sita. Ni siku chache tu, na ukiziruka utazilipa baadaye. Akikosa la tatu au la nne peke yake, endelea, kamba itamsaidia.

Tengeneza kamba ya namba

Unahitaji kamba ya kuanikia nguo ya mita 2.5, vipande 11 vya katoni vyenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, vibanio 12 vya nguo, rula ya sentimita 30 na kalamu nene. Andika 0, 10, 20 hadi 100 kwenye vipande, namba moja kila kipande. Upande wa nyuma andika 0, 100, 200 hadi 1,000. Utauhitaji wiki ijayo.

Funga kamba kutoka vyuma vya dirisha hadi msumari wa ukutani, usawa wa macho ya mtoto, na uikaze. Ikilegea katikati, vipimo havitakuwa sawa. Bana kipande cha 0, pima sentimita 20, bana 10, na kadhalika hadi 100. Umbali wote unakuwa mita 2. Kwa kipimo hicho kila moja inachukua sentimita 2 na nusu ya njia ni sentimita 10, hivyo rula ya shuleni inatosha. Kibanio cha kumi na mbili, ikiwezekana cha rangi tofauti, ndicho namba yenyewe inayotembea.

Kama nyumba ni ndogo na kamba itakuwa kero, chora mstari huohuo kwa chaki kwenye korido ya ploti. Usitumie mstari uliochorwa kwenye daftari kwa kuanzia: ni mfupi, na mtoto hataona tofauti ya 46 na 44.

Vipande vya katoni viite steji. Mtoto wa Nairobi hahitaji maelezo zaidi: matatu hushusha watu kwenye steji (kwa kanuni, angalau), na aliyeachwa katikati ya njia hutembea hadi steji iliyo karibu.

Hatua ya kwanza: taja steji mbili

Siku mbili za kwanza usimwulize jibu. Mpe namba, abane kibanio mahali pake, kisha ataje steji ya nyuma na ya mbele. Aandike hivi:

40 … 47 … 50

Tumia namba hizi kwa mpangilio huu, maana ugumu unaongezeka polepole: 47, 12, 85, 31, 8, 93, 99, 104, 197, 60. (Kwa 104 na 197 kamba imeisha, hapo atalazimika kufikiri.)

Mbinu ya kupata steji ya nyuma: afunike tarakimu ya mamoja kwa kidole na aweke sifuri mahali pake. 197 inakuwa 190. Steji ya mbele ni hiyo ukiongeza kumi: 200. Kwa 8, akifunika mamoja habaki na kitu, basi steji ya nyuma ni 0. Watoto hukataa kwamba sifuri ni steji. Mwonyeshe kipande chake kiko pale kwenye kamba kama vingine.

60 imewekwa mwisho kwa makusudi. Iko juu ya steji, haijaachwa popote. Atajaribu kuandika 50 … 60 … 70 kisha atake kuisogeza. Namba iliyo kwenye steji inabaki ilipo, na jibu la 60 hadi kumi iliyo karibu ni 60.

Hatua ya pili: pima umbali

Sasa mwulize swali jipya: "Iko karibu na ipi?" Kwa 47, apime kwa rula: sentimita 14 kurudi 40, sentimita 6 kwenda 50. Kisha ahesabu bila rula: 7 kurudi, 3 kwenda. Umbali mbili zikijumlishwa lazima zifike 10; zisipofika, amehesabu vibaya, na anaweza kujisahihisha bila kukuuliza.

Fanya namba nane au kumi kwa njia hii: 47, 32, 81, 68, 14, 99, 3, 56. Ile 3 inakwenda 0. Mwache ashangae kidogo.

Chunga maneno yako hapa. "Panda" na "shuka" ndiyo yanayoleta 43 kuwa 30, kwa sababu mtoto anasikia kwamba tarakimu ya makumi ipungue. Haipungui kamwe. Ama makumi yanabaki yalivyo, ama yanaongezeka moja. Sema "rudi steji ya nyuma" na "nenda steji ya mbele", na ukifika kwenye maandishi sema "makumi yanabaki" na "makumi yanaongezeka moja".

Hatua ya tatu: katikati kabisa

Bana 45. Sentimita 10 kila upande. Mwache abishane nayo kidogo kabla hujamwambia: hapa hakuna iliyo karibu zaidi, kwa hiyo watu wamekubaliana, na darasani kwetu makubaliano ni kwenda mbele. 45 inakuwa 50. Usitafute sababu ya kina hapa. Ni mapatano, kama kuendesha gari upande wa kushoto. (Kuna programu za kompyuta zinazopeleka nusu kwenye steji ambayo tarakimu yake ya makumi ni shufwa, ambako 45 ingekuwa 40 kwa kuwa 4 ni shufwa na 5 si shufwa. Mtoto akikutana na jibu la namna hiyo, mashine haijaharibika. Katika mtihani wake, nusu inakwenda mbele.)

Hatua ya nne: aigundue kanuni

Aandike 40 hadi 50 kwa safu ya kushuka, na mbele ya kila namba steji yake. 40, 41, 42, 43 na 44 zinakwenda 40. 45, 46, 47, 48, 49 na 50 zinakwenda 50. Afanye vivyo hivyo kwa 70 hadi 80. Kisha uliza: "Ni tarakimu gani inayoamua?" Atasema ya mamoja. "Zipi zinarudi?" 0, 1, 2, 3, 4. "Zipi zinakwenda mbele?" 5, 6, 7, 8, 9. Tano kwa tano. Amepata kanuni, na sasa ana kitu cha kuishikilia nayo.

Mamia: geuza vipande

Kamba ni ileile. Sasa sentimita 2 ni kumi, na steji ni 0, 100, 200 hadi 1,000. 367 inakaa sentimita 13 na kidogo baada ya 300. Steji mbili: 300 na 400. Katikati: 350. Imepita katikati, inakwenda 400.

Kwa mamia acha kuhesabu umbali na uanze kuuliza kuhusu katikati, kwani kuhesabu 67 na 33 kunachosha na hakuongezi kitu. Maswali yawe matatu, kwa mpangilio huohuo kila mara:

- Steji mbili ni zipi?
- Katikati yake ni ngapi?
- Namba haijafika, imefika, au imepita?

Hapa ndipo pa kueleza kwa nini tarakimu moja tu inatosha kuamua. Chukua mia tatu na hamsini na kitu: 350, 351, 358. Zote zina 5 kwenye makumi. 351 na 358 zimepita katikati, kwa hiyo zinakwenda 400 kwa haki yake. Ni 350 peke yake iliyo katikati kabisa. Kwa kuwa tumekubaliana nusu iende mbele, nayo inakwenda 400, na hivyo hatuhitaji kutazama kinachofuata baada ya 5. Tungekubaliana nusu irudi nyuma, tungelazimika kukagua mamoja kila tunapoona 5 kwenye makumi. Mtoto wa Gredi ya 5 anaelewa jambo hili, na likishamwingia haulizi tena tano inakwenda wapi.

Elfu ni hivyohivyo: steji 3,000 na 4,000, katikati 3,500.

Njia ya kuandika

Kamba ikishazoeleka, muda wa daftari umefika. Chukua 4,728 hadi mia iliyo karibu:

1. Pigia mstari tarakimu ya mahali panapotakiwa: mamia, yaani 7.
2. Tazama jirani wa kulia pekee: 2.
3. Jirani ni 0 hadi 4, tarakimu iliyopigiwa mstari inabaki. Ni 5 hadi 9, inaongezeka moja. Hapa inabaki 7.
4. Kila kilicho kulia kwa mstari kinakuwa sifuri. Kilicho kushoto hakiguswi, isipokuwa tisa inapoongezeka (tutaiona hapa chini).
5. Jibu: 4,700. Kagua: je, ni mojawapo ya steji mbili, 4,700 na 4,800? Ndiyo.

Ukaguzi wa mwisho ndio unaorukwa, na ndio unaookoa alama.

Pale panapoharibika

*Kutazama jirani asiye wake.* 349 hadi mia iliyo karibu inaandikwa 400, kwa sababu jicho limevutwa na 9. Jirani wa mamia ni 4. Jibu ni 300. Afunike mamoja kwa kidole kabla ya kuamua.

*Kukadiria mara mbili.* Hili ni gumu kuligundua kwa kuwa linaonekana kama uangalifu. 447 hadi mia iliyo karibu: mtoto anaifanya 450 kwanza, kisha 450 inakuwa 500. Lakini 447 haijafika 450, kwa hiyo iko karibu na 400. Hatua ya kwanza iliisogeza namba hadi katikati, na ya pili ikaisukuma upande usio wake. Daima anza na namba ya asili. Mpe 447, 2,348 na 649 hadi mia iliyo karibu. Ni 400, 2,300 na 600.

*Kusahau sifuri.* 367 inakuwa 4. Mtoto amepata mamia mangapi, hajaandika namba. Mwulize: "Shilingi 367 ni kama shilingi 4?" Wengine huongeza mamia na kuacha vingine vilivyo: 467. Yule wa kwanza arudishwe kwenye hatua ya 4 ya maandishi. Wa pili arudishwe kwenye kamba aione 467 iko wapi.

*Tisa inayoongezeka.* 397 hadi kumi iliyo karibu. Tarakimu ya makumi ni 9, jirani ni 7, makumi yaongezeke moja, na mtoto anaandika 3,100, au anaogopa na kuacha 390. Usimfundishe kubeba kabla ya kumwonyesha jambo hili: 397 ni makumi 39 na mamoja 7. Baada ya makumi 39 ni makumi 40, yaani 400. Mlima Kenya una mita 5,199: hayo ni makumi 519 na mamoja 9, basi makumi 520, mita 5,200. Kilimanjaro una mita 5,895: makumi 589 na mamoja 5, basi makumi 590, mita 5,900. Milima hii miwili ni mazoezi mazuri kwa sababu inasumbua mahali hasa panapotakiwa kusumbua. Hadi mia iliyo karibu majibu hayabadiliki, ila hadi elfu iliyo karibu yanaachana: 5,000 na 6,000.

*Namba ndogo kuliko mahali.* 38 hadi mia iliyo karibu ni 0. 72 ni 100. 960 hadi elfu iliyo karibu ni 1,000. Mtoto asiyeona tarakimu ya mamia aandike 038. Jirani wa sifuri ni 3, sifuri inabaki.

Namba kubwa, na kuchagua mahali

Kwa Gredi ya 6, tumia wakazi wa Nairobi waliohesabiwa katika sensa ya 2019: 4,397,073.

- Hadi kumi: 4,397,070
- Hadi mia: 4,397,100
- Hadi elfu: 4,397,000
- Hadi makumi elfu: 4,400,000
- Hadi laki: 4,400,000
- Hadi milioni: 4,000,000

Mwulize kwa nini mistari ya nne na ya tano inafanana. (4,397,073 ni makumi elfu 439 na zaidi ya elfu saba, yanayofuata ni 440, ambayo yanaangukia juu ya laki.)

Kisha mpe sensa mbili za nyuma: 2,143,254 mwaka 1999 na 3,138,369 mwaka 2009. Hadi milioni iliyo karibu, jiji lilitoka 2 hadi 3 hadi 4, milioni moja kila miaka kumi. Ukitoa namba kamili, ongezeko la kwanza ni 995,115 na la pili ni 1,258,704. Kadirio la milioni limeficha zaidi ya robo milioni ya watu. Kwa kichwa cha habari linafaa. Kwa kupanga shule na mabomba ya maji halifai. Swali la "hadi wapi?" ni la maana kuliko kanuni yenyewe, na halipewi nafasi ya kutosha.

Rudi nyuma

Mtoto anayejibu haraka mjaribu kwa swali lililogeuzwa: "Namba nzima fulani ilikadiriwa hadi kumi iliyo karibu ikawa 70. Ilikuwa ngapi?" Jibu ni 65 hadi 74, namba kumi. Makosa mawili ya kawaida ni 66 hadi 75, na 65 hadi 75. Kwa 400 hadi mia iliyo karibu ni 350 hadi 449, namba mia moja. Hakuna swali linaloonyesha upesi zaidi kama ameelewa au amekariri.

Dukani

Hapa kukadiria kunapata kazi. Kwa bei za mfano: sukari 168, unga 143, maziwa 62, mkate 67, mafuta ya kupikia 327. Hadi kumi iliyo karibu: 170 + 140 + 60 + 70 + 330 = 770. Jumla halisi ni 767. Hadi mia: 200 + 100 + 100 + 100 + 300 = 800. Njia ya pili ni ya haraka, lakini tazama 62 ilivyogeuka 100. Bei ndogo zinapotoshwa zaidi.

Halafu mpe mtego. Vitu vinne: 134, 243, 64 na 52. Hadi kumi iliyo karibu ni 130 + 240 + 60 + 50 = 480. Ana shilingi 480 mkononi, zitatosha? Jumla halisi ni 493. Kila bei ilirudi nyuma, na upungufu ukajumlika hadi 13. Ukitaka kuwa salama kwa muuza duka, peleka kila bei mbele: 140 + 250 + 70 + 60 = 520. Huko si kukadiria hadi kumi iliyo karibu, na mtoto ajue hivyo. Mtihani ukiuliza iliyo karibu, ajibu iliyo karibu.

Vivyo hivyo kwa usafiri. Wanafunzi 60, matatu za abiria 14. 60 gawanya kwa 14 ni 4 na kidogo, na kadirio la karibu ni 4. Lakini matatu 4 hubeba 56, na watoto wanne wanabaki barabarani. Zinahitajika 5.

Na kuna namba zisizokadiriwa kabisa. Matatu ya 58 ya Buruburu haiwi ya 60, na ya 111 ya Ngong haiwi ya 110. Hizo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu, kama namba ya simu. Mwambie mtoto ataje nyingine tano anazoziona njiani.

Maswali ya kumpima

Hadi kumi: 86, 45, 4, 70, 596, 1,203.
Hadi mia: 250, 649, 951, 38, 7,050.
Hadi elfu: 2,499, 8,500, 19,730, 400.

Majibu ya kumi: 90, 50, 0, 70, 600, 1,200. Ya mia: 300, 600, 1,000, 0, 7,100. Ya elfu: 2,000, 9,000, 20,000, 0.

Akikosa 649 au 2,499, anakadiria mara mbili au anatazama jirani asiye wake. Mwombe aeleze kwa sauti alivyofanya ujue ni kipi. Akikosa 596, 951 au 19,730, rudini kwenye "makumi mangapi, mamia mangapi, maelfu mangapi". Akikosa 70, 4, 38 au 400, rudini kwenye kamba, kwenye kile kipande cha 0 na swali la steji mbili.